Msalaba wa zege kwenye uwanja wa mtaa: serikali isiyo na dini ifanye nini?

Swali: "Hujambo mwanangu wakili. Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Dar es Salaam, mtaa siutaji. Tuna uwanja ambao watoto wanachezea mpira, jioni kina mama wanauza mihogo na samaki pembeni, na siku ya Idd majirani zetu Waislamu wanaswalia hapo. Miaka miwili iliyopita wanajumuiya wenzangu (mimi ni Mkristo) walimalizia Njia ya Msalaba pale, Ijumaa Kuu, na msalaba wa mbao ukabaki. Baadaye ukajengwa wa zege, mrefu kupita mapaa ya nyumba zetu, wenye uzio. Mwenyekiti wa mtaa aliandika barua ya kuruhusu. Sasa vijana wa msikitini wameomba kujenga mimbari ya zege upande wa pili, wamekataliwa. Mtendaji mpya anasema serikali haina dini, kwa hiyo msalaba ung'olewe. Wazee wa kanisa wanasema katiba imetupa uhuru wa kuabudu, asiguse mtu. Kijana wangu yuko chuo, anasema Marekani mahakama zilishapiga marufuku vitu hivi. Ofisi ya mtaa nayo ina picha kubwa ya Yesu ukutani, hilo halisemwi. Nani yuko sahihi? Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Nisimame wapi nisionekane nimeisaliti imani yangu?"

Sijambo mama, ila mwenye kuamkia ni mimi: shikamoo. Na pole, kwa sababu umebanwa katikati ya watu ambao kesho utakutana nao sokoni na msibani.

Mtendaji ana nusu ya ukweli. Wazee wa kanisa wana nusu nyingine. Kijana wako ana kipande. Mwenyekiti, kwa jinsi ulivyoeleza, hana hata kimoja, na tatizo limeanzia kwake. Mnagombania dini, lakini ninavyoona mimi hili ni shauri la ardhi kwanza, na dini imekuja juu yake. Mkilishika kwa upande wa ardhi litawezekana. Mkilishika kwa upande wa imani, kila neno litakalosemwa mkutanoni litaumiza mtu.

Tuanze basi na uwanja wenyewe. Watu husema kwamba alama ya dini haitakiwi kwenye ardhi ya umma. Lakini kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba yetu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale mbele ya bandari, msikiti wa Kitumbini, mahekalu ya Kisutu, vyote vimesimama juu ya ardhi ya umma. Wenye hati hawamiliki udongo. Wanamiliki haki ya kuutumia, kwa muda na kwa masharti. Hoja hiyo ikichukuliwa kama inavyosemwa vijiweni, ingebomoa jiji zima.

Kinachotofautisha kiwanja na kiwanja ni matumizi yaliyopangwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, eneo lililopimwa lina mchoro, na mchoro unaonesha hapa ni makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa ibada, hapa makaburi, hapa eneo la wazi. Kama uwanja wenu umechorwa kuwa eneo la wazi, basi msalaba ule una kasoro ileile ambayo ingekuwa nayo gereji, baa, fremu za maduka au tawi la chama. Kasoro haiko kwenye umbo lake. Hata kisima cha msaada kikijengwa katikati ya eneo la wazi bila utaratibu, kina kasoro hiyo hiyo, ingawa kila mtu atakunywa maji yake. (Na wewe unajua kama mimi ninavyojua jinsi fremu zilivyokula viwanja vya watoto jijini humu, na hakuna aliyeitisha mkutano kuhusu fremu.)

Barua ya mwenyekiti sasa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana mamlaka ya kumgawia mtu eneo la wazi wala kubadilisha matumizi yake. Barua yake inaweza kumtambulisha mkazi, inaweza kusema kwamba mtaa hauna pingamizi, lakini haigeuki kuwa kibali cha ujenzi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri: Jiji kama mko Ilala, au manispaa ya Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Kubadilisha matumizi ya ardhi ni safari nyingine, inayopita idara ya mipango miji na kufika wizarani, na majirani hupewa nafasi ya kutoa maoni. Kama vitu hivyo viwili havipo, ujenzi haukuwa na miguu ya kisheria tangu siku ya kwanza, hata kama nia ya wajenzi ilikuwa njema, na naamini ilikuwa njema.

Lakini usikimbie mkutanoni na maneno haya kabla hujauona mchoro. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa bila kupimwa. Inawezekana mtaa wenu ni wa urasimishaji, yaani ulijengwa kwanza ukapimwa baadaye, na uwanja huo ni shamba la ukoo fulani ambalo mzee aliliacha wazi kwa hisani yake. Nimeyaona hayo mara nyingi: watu wanapigania "uwanja wa mtaa" miaka na miaka, kumbe una mwenyewe. Ikiwa hivyo, maswali yanabadilika. Mwenye ardhi akiridhia msalaba kwenye ardhi yake, kinachobaki kuulizwa ni kibali cha ujenzi na usalama wa nguzo yenyewe.

Sasa hilo la serikali kutokuwa na dini. Mtendaji hakulitunga. Ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi "isiyokuwa na dini". Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha, kisha inasema kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini "zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi". Ibara ya 13 inakataza kubagua watu kwa misingi kadhaa, dini ikiwemo. Zisome pamoja, zina maana zikiwa pamoja. Ibara ya 3 peke yake mikononi mwa mtu mkali inaonekana kama amri ya kung'oa. Ibara ya 19 peke yake mikononi mwa mtu mkali mwingine inaonekana kama ruhusa ya kujenga popote.

Nchi yetu haijawahi kuwa nchi ya kufukuza dini hadharani. Wimbo wa taifa unamwomba Mungu. Viongozi huapa wakiwa wameshika Biblia au Kurani. Krismasi, Ijumaa Kuu, Idd na Maulid ni sikukuu za serikali. Wanafunzi wa shule za serikali huvaa hijabu, wengine rozari shingoni. Mwaka 1992 serikali ilitiliana saini na makanisa makubwa hati ya makubaliano kuhusu hospitali na shule zao, jambo ambalo Waislamu wengi wamelilalamikia tangu hapo, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwa sababu yanauliza swali hilo hilo la usawa ambalo vijana wa msikitini kwenu wanauliza leo. Na upande mwingine, Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, kelele za bara zilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata ikajitoa. Sensa yetu iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1967. Serikali ya nchi hii imekuwa ikipima hatua zake kwa hofu ya kuonekana ina upande, wakati mwingine kwa hekima, wakati mwingine kwa woga tu.

Kwa hiyo kutokuwa na dini kwa serikali kwetu hakumaanishi barabara na viwanja visafishwe kila alama. Maana yake ni kwamba mwenye muhuri hapaswi kuwa na mswala wala rozari ndani ya muhuri. Mtu binafsi anapoonesha imani yake, katiba inamlinda. Ofisi ya umma inapoonesha imani, inawaambia raia wa imani nyingine kwamba pale wao ni wageni. Swali la kuuliza mbele ya kila alama ni hili: anayesema hapa ni nani, ni muumini au ni ofisi?

Fikiria makaburi ya Kinondoni. Ni ya umma, na yamejaa misalaba na maandishi ya Kiarabu. Hakuna anayedhani serikali inahubiri pale, maana kila alama ni ya marehemu na ndugu zake. Fikiria pia Mnazi Mmoja, Jangwani, viwanja vya Biafra, au Tanganyika Packers kule Kawe. Leo mkutano wa injili, mwezi ujao mhadhara, kabla ya uchaguzi ni kampeni. Jukwaa linajengwa, spika zinapiga, kesho turubai linakunjwa na uwanja unarudi kwa wote. Swala yenu ya Idd na Njia ya Msalaba viko kundi hili, na hakuna haja ya kuvigusa. Wala mtendaji asijaribu. Kama mtaa unaruhusu uwanja utumike kwa vikoba, ngoma na kampeni, hauwezi kugeuka na kusema dini tu ndiyo marufuku.

Zege ni jambo jingine. Kitu cha kudumu, chenye uzio, kilichosimama kwenye eneo la wote kwa barua yenye muhuri wa mtaa, kinaanza kusomeka kama sauti ya mtaa wenyewe. Na mtaa huo huo ulipoombwa ruhusa ya mimbari, ukakataa. Hapo ndipo kesi yenu inapouma zaidi, mama, kuliko kwenye msalaba wenyewe. Ofisi moja, uwanja mmoja, ombi la aina moja, majibu mawili kwa dini mbili. Hata kama mwenyekiti alikataa mimbari kwa sababu nzuri, sababu hiyo ilimkataza kuruhusu msalaba pia. Wakili yeyote wa vijana wale atashika hapo hapo.

Kuhusu Marekani, mwambie kijana kwamba mambo yao yana mikunjo. Katiba yao tangu 1791 inakataza bunge kuweka dini ya taifa, na mahakama zao zimekuwa zikivutana juu ya alama hizi kwa miaka mingi. Juni 2005, siku moja, Mahakama ya Juu iliamua kesi mbili za Amri Kumi: zilizotundikwa kwenye majengo ya mahakama huko Kentucky ilizikataa, na jiwe lililosimama kwenye viwanja vya bunge la Texas tangu 1961 ililiacha. Mwaka 2019 iliuacha msalaba wa Bladensburg, Maryland, wa futi 40 hivi, uliokamilika 1925 kuwakumbuka askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kura saba dhidi ya mbili. Mwaka 2022 majaji wote tisa waliikosoa Boston kwa kukataa bendera ya Kikristo kwenye mlingoti ambao jiji lilikuwa limeruhusu vikundi vya kila aina kupandisha bendera zao. Ufaransa ndiyo iliyokata moja kwa moja: sheria yao ya 1905 inakataza kuweka alama mpya za dini kwenye minara ya kumbukumbu na maeneo ya umma, isipokuwa nyumba za ibada, makaburi, makumbusho na maonesho. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfunga hakimu wa Kisutu. Jaji wetu anaweza kuzisoma, akaziheshimu, akaamua vingine kwa katiba yetu.

Tufike kwenye la kufanya. Njia ya kwanza ambayo mtu atapendekeza, na itapigiwa makofi, ni kila dini iweke chake: msalaba huku, mimbari kule, tumemaliza. Inaonekana ya haki. Mimi siipendi. Mkiruhusu mbili, Walokole watauliza, Wahindu watauliza, na asiye na dini yeyote naye ni mkazi. Ndani ya miaka michache watoto watacheza mpira wapi? Na bado mtakuwa mmejenga viwili bila kibali badala ya kimoja.

Njia ya pili ni ya mtendaji: alama nyekundu ya X, siku kadhaa, kisha greda. Kisheria halmashauri inaweza kuondoa ujenzi usio na kibali baada ya kutoa ilani. Kibinadamu, greda likisukuma msalaba mbele ya simu za watu, hakuna atakayeeleza habari za mipango miji jioni hiyo. Nakumbusha tu Oktoba 2012, Mbagala: ugomvi wa watoto juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kushambuliwa na kuchomwa. Mji huu hausahau mambo hayo, na haupaswi kuyajaribu tena.

Njia ya tatu ni kurasimisha, yaani kanisa liombe eneo libadilishwe matumizi. Linaweza kuomba. Nionavyo mimi litakuwa gumu, na halistahili kukubaliwa, kwa sababu eneo la wazi likiondoka halirudi.

Njia ninayokushauri uibebe ni kanisa lenyewe kuuhamishia msalaba kwenye kiwanja chake, kwa heshima, kwa ibada yake, kwa tarehe litakayochagua, na mkutano wa mtaa kuandika kwenye muhtasari kwamba Njia ya Msalaba na swala ya Idd zitaendelea uwanjani kila mwaka, bila ujenzi wa kudumu kwa yeyote. Gharama ya kuhamisha ichangwe. Ningefurahi nikisikia vijana wa msikitini wametoa mifuko ya saruji, lakini hilo huwezi kulilazimisha. Hapa wewe ndiye unayefaa kuongea. Hoja hii ikitoka kwa Muislamu itasikika kama uadui, ikitoka kwa mtendaji itasikika kama ubabe. Ikitoka kwa mama wa jumuiya anayejulikana, wazee watasikiliza hata kama watanuna. Ongea na paroko au mchungaji kabla ya mkutano, faraghani, na wazee watatu au wanne. Wasishtukizwe hadharani. Na kuhusu kusaliti imani: hakuna anayekutaka uukane msalaba. Unataka msalaba usimame pale ambapo hakuna mtu mwenye haki ya kuugusa.

Picha ya ofisini ni rahisi zaidi, na ningeanza nayo. Ofisi ya mtaa ni ya mwananchi wa kila dini anayekuja kugongewa muhuri. Mtendaji akiishusha yeye mwenyewe, kimya kimya, na kumpa mwenyewe aliyeileta, maneno yake kuhusu serikali isiyo na dini yatakuwa na uzito. Kabla ya hapo, wazee wana haki ya kumcheka. Mtumishi akiwa na rozari mfukoni au kijitabu cha dua kwenye droo, hilo ni lake, wala lisiletwe mkutanoni.

Onyo moja, nalo ni zito. Asitokee mtu yeyote, wa upande wowote, akaubomoa usiku. Kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani anayeharibu au kunajisi kitu ambacho kundi la watu linakiona kitakatifu kwa nia ya kuitukana dini yao. Kutokuwa na kibali cha ujenzi hakumpi jirani nyundo. Hali kadhalika vijana wakianza kuchimba msingi wa mimbari kwa hasira, watakuwa wamejivika kosa ambalo sasa hivi ni la wenzao. Ukisikia minong'ono ya namna hiyo, usingoje kikao: mwambie mtendaji wa kata na polisi siku hiyo hiyo, na waombe mashehe na wachungaji wa kamati ya amani ya wilaya waje kukaa na vijana.

Kwa utaratibu: nenda idara ya mipango miji ya halmashauri yenu, ukiwa na mjumbe mwingine wa kamati, ikiwezekana Muislamu, muombe kuona mchoro wa eneo. Kama limepimwa, ofisi ya ardhi inaweza kufanya upekuzi ionekane limesajiliwa kwa jina la nani. Ulizeni kwa maandishi kama kibali cha ujenzi kiliwahi kutolewa. Majibu hayo mawili yakishasomwa mkutanoni, nusu ya ugomvi huisha, kwa sababu watu wanaacha kubishana na Mungu wa mwenzao na kuanza kubishana na karatasi.

Yakishindikana, hapo unahitaji wakili ana kwa ana, si mimi wa kuandika. Hasa kama halmashauri imetoa ilani ya kubomoa, kama kuna anayedai ardhi ni ya ukoo wake, au kama vijana wa msikitini wanataka kwenda mahakamani kwa ubaguzi. Kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90 kwanza, kisha shauri linafunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Kesi ya haki za msingi, tangu marekebisho ya 2020, inamtaka mlalamikaji aoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kwa hiyo haifai kufunguliwa na mtu wa mtaa wa pili aliyekasirika tu. Ugomvi kati ya wakazi wenyewe juu ya nani mwenye ardhi huanzia kwa kawaida kwenye Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ukishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha aende kwa watoa msaada wa kisheria, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au apeleke malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haitozi chochote. Utakapokwenda, beba nakala ya barua ya mwenyekiti, ombi la vijana wa msikitini na jibu walilopewa, muhtasari wa kila kikao kilichojadili uwanja, na picha zenye tarehe. Barua ya mwenyekiti itoe nakala wiki hii, kabla haijapotea kwenye faili.